Taneda Santoka: Mshairi Mzururaji na Kikombe cha Sake

Utangulizi

Taneda Santoka (1882-1940) ni miongoni mwa washairi wa Japani wa karne ya 20 wanaosomwa sana na watu wa kawaida nchini mwao. Alizaliwa katika nyumba ya mwenye mashamba, akafa katika kibanda alichotafutiwa na marafiki. Kati ya ncha hizo mbili alipata kuwa mwanafunzi wa fasihi, mpishi wa pombe, mwuza fremu za picha, karani wa maktaba, mtawa wa madhehebu ya Zen na mwombaji wa mlango kwa mlango. Katika hali zote hizo mambo mawili hayakumwacha: haiku, yaani shairi fupi la Kijapani, na sake, yaani pombe ya mchele.

Wanaomsimulia mshairi huyu aghalabu hufuata mojawapo ya njia mbili. Baadhi humfanya walii wa ulevi, mtu aliyepata hekima kwa sababu alikunywa kupita kiasi. Wengine humwona kuwa mlevi tu, ambaye mashairi yake ni ajali njema katika maisha mabaya. Makala haya yanayafuata maisha yake hatua kwa hatua, huku yakiitazama sake yenyewe kama kitu cha utamaduni chenye kanuni, heshima na mipaka yake. Maadamu kwa Wajapani sake si kinywaji cha starehe peke yake, msiba wa Santoka hauwezi kueleweka barabara bila kwanza kufahamu ni agano gani alilolivunja kila alipokiinua kikombe peke yake.

Sake na Nafasi Yake

Sake hupikwa kwa mchele, maji, chachu na kuvu iitwayo koji. Mchele hukobolewa, huoshwa, hulowekwa, kisha hupikwa kwa mvuke. Sehemu yake hunyunyiziwa mbegu za koji, nayo kuvu hiyo huugeuza wanga wa mchele kuwa sukari, ilhali chachu huigeuza sukari kuwa kileo. Mageuzi haya mawili hutokea kwa pamoja katika pipa moja, na kuyasimamia kunahitaji jicho, pua na ulimi wa fundi mzoefu. Fundi mkuu huitwa toji. Kwa desturi alikuwa mkulima au mvuvi aliyekiacha kijiji chake wakati wa baridi, akaenda na kundi lake kupika sake kiwandani, kisha akarejea kwake baridi ilipokwisha. Baridi ilikuwa rafiki wa mpishi, kwa kuwa joto huwapa bakteria nafasi ya kuingia pipani na kuitia sake yote ukali na harufu mbaya. Pipa likiharibika, kazi ya msimu mzima imepotea.

Mlangoni pa kiwanda huning'inizwa tufe kubwa lililofungwa kwa matawi ya mwerezi. Tufe hilo huwa la kijani sake mpya inapotoka, kisha hukauka na kuwa la hudhurungi kadiri miezi inavyopita, hivi kwamba mpita njia huweza kukisia umri wa sake kwa kulitazama tu.

Dhima ya kinywaji hiki katika jamii ni pana. Katika dini ya Shinto, sake hutolewa kwa miungu, kisha waumini hushiriki kuinywa. Katika arusi ya jadi, bwana na bibi hunywa kwa zamu kutoka vikombe vitatu, mafunda matatu kwa kila kikombe, na mafunda hayo tisa ndiyo yanayoufunga mkataba. Mwaka Mpya huanzwa kwa sake iliyotiwa viungo vya dawa, na wafu hupelekewa sake makaburini. Kojiki, kitabu cha kale cha mwaka 712, kinasimulia jinsi Susanoo alivyolilewesha kwa sake joka lenye vichwa vinane kabla ya kuliua. Katika Man'yoshu, diwani kongwe ya mashairi iliyokusanywa katika karne ya 8, Otomo no Tabito ana mashairi 13 ya kuisifu sake. Fasihi ya Wajapani na kinywaji hiki basi vimekuwa majirani kwa zaidi ya miaka 1200.

Fauka ya hayo, kunywa sake kuna adabu yake. Mtu hajimiminii; humimina kwa jirani, naye jirani humimina kwake. Kikombe ni kidogo, huisha upesi, na kwa hivyo kila mtu hana budi kumwangalia mwenzake. Sake katika hali yake bora ni mazungumzo kati ya watu wawili, au kati ya aliye hai na asiyeonekana. Kanuni hii ni muhimu katika kuyasoma maisha ya Santoka.

Utoto na Kisima

Santoka alizaliwa tarehe 3 Desemba 1882 katika eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Hofu, mkoani Yamaguchi, upande wa magharibi wa kisiwa kikuu cha Honshu. Jina alilopewa na wazazi wake ni Shoichi. Baba yake, Takejiro, alikuwa na mashamba mapana, akipenda siasa za eneo lake na kuwaweka vimada. Mali ya mababu ilianza kupukutika mikononi mwake. Mama yake, Fusa, aliyavumilia hayo hadi mwezi Machi 1892, alipojitosa katika kisima cha nyumbani na kufa. Shoichi alikuwa na umri wa miaka tisa. Alikuwa akicheza na watoto wenzake aliposikia kelele, akakimbilia kisimani, akamwona mama yake akiwa ameopolewa.

Tangu siku hiyo alilelewa na nyanya yake. Alikuwa mwanafunzi mwerevu, na mwaka 1902 alijiunga na idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Waseda jijini Tokyo. Huko alikutana na fasihi ya Ulaya iliyokuwa ikitafsiriwa kwa wingi wakati huo, na huko huko akaizoea pombe. Mwaka 1904 aliacha masomo kwa sababu ya maradhi ya akili yaliyomtesa, wakati ambapo hali ya kifedha nyumbani nayo ilikuwa imedorora. Alirudi Yamaguchi akiwa kijana wa miaka 21, bila shahada na bila kazi.

Kiwanda cha Sake

Takejiro alijaribu kuiokoa familia kwa kuuza sehemu ya ardhi na kununua kiwanda cha sake katika kijiji jirani cha Daido, yapata mwaka 1907. Baba na mwana wakawa wapishi wa pombe. Mwaka 1909 Shoichi alimwoa Sato Sakino, na mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume, Ken. Kwa mtazamo wa nje, familia ilikuwa imejiinua tena.

Hata hivyo, biashara ya sake wakati huo haikuwa ya mtu wa kubahatisha. Ushuru wa pombe ulikuwa mmoja wa mihimili mikuu ya hazina ya serikali ya Japani mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1899 serikali ilipiga marufuku upikaji wa sake majumbani ili ushuru huo usikwepwe. Isitoshe, ushuru ulitozwa kwa kiasi kilichopikwa, si kwa kiasi kilichouzwa. Mpishi alinunua mchele kabla ya msimu, akalipa mafundi wakati wa msimu, akadaiwa ushuru, na fedha zake zikarudi baadaye sana, iwapo sake ilitoka salama. Kazi kama hiyo ilihitaji mtu anayeamka usiku kuyasikiliza mapipa. Takejiro hakuwa na subira hiyo. Mwanawe alikuwa na udhaifu mwingine: alikinywa alichopaswa kukiuza.

Ni katika miaka hii ya kiwandani ambapo Shoichi alianza kujulikana kama mwandishi. Mwaka 1911 alichapisha tafsiri za Turgenev na Maupassant katika jarida dogo la mkoani, akatumia jina la Santoka, lenye maana ya moto wa kileleni mwa mlima, alilolichukua kutoka katika elimu ya kale ya ubashiri. Mwaka 1913 alianza kupeleka haiku zake kwa Ogiwara Seisensui, mwanzilishi wa jarida la Soun. Mwaka 1916 alikuwa tayari mmoja wa waliopewa jukumu la kuchagua mashairi ya kuchapishwa katika jarida hilo.

Kwa bahati mbaya, jina lake lilipokuwa likipanda, mapipa yalikuwa yakianguka. Sake iliharibika misimu miwili mfululizo. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1916 kiwanda kilifilisika, Takejiro akatoroka wadai, na Santoka akaondoka na mkewe na mtoto wao kuelekea Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu, alikokuwa na wasomaji wenzake wa Soun. Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la upishi wa sake lilivunjika. Uhunzi wa maneno uliendelea.

Kuivunja Arudhi

Haiku ya jadi ina mizani 17, iliyogawika katika vipande vya mizani mitano, saba na mitano, na ni lazima iwe na neno linalotaja au kuashiria majira ya mwaka. Masaoka Shiki (1867-1902) aliihuisha haiku mwishoni mwa karne ya 19 bila kuyaacha masharti hayo mawili. Baada ya kifo chake wanafunzi wake waligawanyika. Takahama Kyoshi aliilinda arudhi, ilhali Kawahigashi Hekigoto aliielekea njia mpya. Seisensui, aliyeanzisha Soun mwaka 1911, alifika mbali zaidi: aliacha hesabu ya mizani na neno la majira vyote kwa pamoja, akidai kuwa uzito wa shairi umo katika msukumo wa nafsi ya mtunzi.

Mgogoro huo hautakuwa mgeni kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili, anayeyafahamu mabishano kati ya watetezi wa vina na mizani na watunzi wa mashairi huru. Kilichomtofautisha Santoka ni kwamba hakuingia mgogoro huo kwa nadharia. Aliuchukua uhuru wa Seisensui akaufanya kuwa mwendo wa miguu. Mashairi yake ya ukomavu ni mafupi kuliko hata haiku ya jadi, mara nyingine ni pumzi moja tu, na lugha yake ni ile ya mtu anayejisemea njiani. Humo mna mvua, magugu, milima, maji ya kunywa, sauti ya hatua na ukimya baada ya hatua. Pambo ni adimu. Mtunzi ameliacha shairi likiwa tupu kama mfuko wake.

Kumamoto, Tokyo na Tramu

Mjini Kumamoto familia ilifungua duka la vitabu vikuukuu, ambalo baadaye liligeuka kuwa duka la fremu na picha. Mwendeshaji halisi wa duka hilo alikuwa Sakino. Santoka aliuza kidogo, akanywa zaidi. Mwaka 1918 ndugu yake mdogo, Jiro, alijiua, na haukupita muda nyanya aliyemlea naye akafariki. Mwaka 1919 Santoka aliiacha familia akaenda Tokyo peke yake. Alifanya kazi ya sulubu katika kiwanja cha saruji, kisha akawa karani wa maktaba hadi mwaka 1922, maradhi ya akili yalipomlazimu kuacha. Mwaka 1920 yeye na Sakino walitalikiana kisheria, kwa shinikizo la jamaa za mkewe, na mwaka 1921 Takejiro akafa.

Tetemeko kubwa la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923 liliibomoa Tokyo, na katika taharuki iliyofuata Santoka alikamatwa kwa kudhaniwa kuwa mfuasi wa siasa za mrengo wa kushoto. Alipoachiliwa alirudi Kumamoto, kwenye duka lile lile la mwanamke ambaye hakuwa tena mkewe. Sakino alimpokea.

Mwishoni mwa mwaka 1924, akiwa amelewa chakari, Santoka alisimama katikati ya reli mbele ya tramu iliyokuwa ikija. Dereva aliweza kuisimamisha kabla ya kumgonga. Haijulikani kama alikuwa amekusudia kufa au alipotezwa na ulevi. Abiria waliokasirika walimzunguka, na mtu mmoja aliyemfahamu akamtoa hapo, akampeleka katika hekalu la Hoonji la madhehebu ya Soto Zen. Kasisi mkuu wa hekalu, Mochizuki Gian, hakumhoji wala kumkaripia. Alimpa chakula na mahali pa kulala, akamruhusu akae. Mwezi Februari 1925 Santoka akanyolewa kichwa na kutawazwa kuwa mtawa akiwa na umri wa miaka 42.

Mtawa Mwenye Kiu

Ubudha humkataza muumini kutumia vileo; hiyo ni mojawapo ya amri zake tano za msingi. Malangoni mwa mahekalu mengi ya Zen huwa pamesimamishwa jiwe lililochongwa katazo la kuingiza pombe na mboga zenye harufu kali. Hata hivyo, watawa wa Japani walikuwa tangu zamani na tafsida yao ya sake, wakiiita maji ya moto ya hekima, na katika tafsida hiyo mna ucheshi na mna kukiri udhaifu. Santoka aliingia utawa akiwa na kiu yake, na kiu hiyo haikunyolewa pamoja na nywele.

Alipewa kukitunza kihekalu kidogo cha Kannon kilichoko kijijini, nje ya Kumamoto. Upweke wa mahali hapo ulimlemea, na mwezi Aprili 1926 akachukua bakuli, akavaa joho jeusi, kofia pana iliyosukwa na viatu vya nyasi, akaanza kutembea. Tangu hapo, kwa takriban miaka 14, miguu ilikuwa ndiyo kazi yake. Aliizunguka Kyushu, akapita pwani za magharibi ya Honshu, akakizunguka kisiwa cha Shikoku katika hija ya mahekalu 88, na mwaka 1928 akalizuru kaburi la Ozaki Hosai katika kisiwa cha Shodoshima. Hosai, aliyekuwa mshairi mwenzake wa Soun, alikuwa ameangamizwa na pombe kama yeye na kufia huko mwaka 1926.

Utaratibu wa siku zake ulikuwa mmoja. Alisimama mlangoni pa nyumba au duka, akasoma sala, akapokea mchele au senti. Wapo waliompa, wapo waliomfukuza. Alipopata kiasi cha kulipia malazi katika nyumba za wageni za bei nafuu, ambako msafiri alikuja na mchele wake mwenyewe, aliacha kuomba. Jioni aliandika shajara: senti ngapi, mchele kiasi gani, nyumba ya wageni ilikuwa njema au mbaya, na kama siku hiyo alipata sake. Mwaka 1930 aliziteketeza shajara zake za awali. Zilizosalia zinaanza mwezi Septemba mwaka huo, na ni miongoni mwa kumbukumbu za wazi mno za maisha ya mlevi zilizowahi kuandikwa na mlevi mwenyewe.

Katika shajara hizo Santoka haoni haya kuieleza sake. Anaiweka katika mizani moja na ushairi, sake ikiuhudumia mwili na haiku ikiuhudumia moyo. Anaziorodhesha daraja za ulevi wake kwa tanakali za Kijapani, kuanzia uchangamfu mwepesi, kupitia kupepesuka, hadi kugaagaa matopeni. Anayefahamu tanakali za Kiswahili ataelewa jinsi orodha kama hiyo inavyoweza kuchekesha na kutisha kwa wakati mmoja. Anajilaumu, anaapa kuacha, anarudia, anajilaumu tena. Asubuhi za majuto ni nyingi kuliko usiku wa raha.

Hapa ndipo swali la msingi linapojitokeza. Je, ni sake iliyompa Santoka mashairi? Ushahidi wa maisha yake unaelekea kwingine. Mashairi yaliyomjengea jina yametokana na kutembea: macho yaliyokuwa wazi njiani mchana kutwa, sikio lililosikia maji kabla ya kuyaona. Sake ilikuja jioni, na ilipokuja kwa wingi, kalamu iliandika majuto. Kutembea kulimfungua, sake ilimfunga.

Kibanda cha Ogori na Gharama ya Kikombe

Mwaka 1932 miguu ilianza kuchoka. Mwaka huo mkusanyiko wake wa kwanza, Hachi no ko, jina linalorejelea bakuli la mwombaji, ulichapishwa, na marafiki wakamtafutia kibanda kilichoachwa huko Ogori, mkoani Yamaguchi, karibu na alikozaliwa. Alikiita Gochuan, jina lililochotwa kutoka katika Sutra ya Lotasi. Huko alilima mboga, akapokea wageni, na aliendelea kufunga safari ndefu mara kwa mara. Mwaka 1936 alifika hadi Hiraizumi, kaskazini mwa Honshu, mahali alipopata kufika mshairi Basho karne mbili na nusu kabla yake.

Katika kibanda hicho sake ilirudi mara kwa mara kwenye adabu yake ya asili. Rafiki alifika na chupa, wakaketi, huyu akamimina kwa yule na yule kwa huyu, wakatunga hadi usiku. Marafiki wawili wanastahili kutajwa. Kimura Ryokuhei, aliyekuwa daktari, alimhifadhia shajara zake na mara kadhaa akamlipia madeni ya pombe. Oyama Sumita alimtembelea, akamsaidia kuchapisha, na baada ya kifo chake akafanya kazi kubwa ya kumtambulisha kwa wasomaji. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Santoka alijua kuwa dhiki hiyo alijitakia mwenyewe.

Lakini rafiki alipoondoka, kikombe kilibaki, na hapakuwa na jirani wa kukijaza. Santoka alijimiminia. Alikwenda mjini akanywa bila fedha, akaacha madeni kwa jina la wengine. Mwezi Agosti 1935 alijaribu kujiua kwa dawa za usingizi, akanusurika. Mwaka 1937 alishikiliwa na polisi kwa siku kadhaa kwa kunywa bila kulipa.

Gharama ya vikombe hivyo haikulipwa na mnywaji peke yake. Sakino aliendelea na duka lake Kumamoto, akamlea mtoto, na kila mtawa huyo alipobisha mlango alimlisha. Ken alipoanza kazi alimtumia babake fedha, na sehemu ya fedha hizo iliishia kwenye pombe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaoufurahia uhuru wa Santoka hawakuubeba mzigo wake. Msomaji anayemsifu mshairi kwa kuyaacha yote hana budi kukumbuka kuwa miongoni mwa hayo yote walikuwamo mwanamke na mtoto. Santoka mwenyewe aliijua hesabu hiyo, na shajara zake hazijaificha.

Matsuyama

Mwaka 1938 Gochuan haikukalika tena kwa uchakavu, na baada ya muda mfupi katika chumba kidogo mjini Yuda, Santoka alivuka bahari kwenda Shikoku mwaka 1939. Mwezi Desemba marafiki wa Matsuyama walimpatia kibanda alichokiita Issoan. Matsuyama ni mji alikozaliwa Shiki. Mwana mkaidi wa haiku alikuwa amerejea kwenye kitovu chake.

Japani ilikuwa vitani na Uchina tangu mwaka 1937, na Santoka alikuwa ameandika kuhusu askari waliorudishwa nyumbani wakiwa mifupa ndani ya visanduku. Mwezi Aprili 1940 ilitoka diwani kuu ya maisha yake, Somokuto, yaani mnara wa nyasi na miti, iliyokusanya mashairi 701 aliyoyachagua mwenyewe. Aliitabaruku kwa mama yake, aliyeharakisha kwenda kwenye kifo. Miaka 48 ilikuwa imepita tangu siku ya kisima.

Matakwa yake ya mwisho, kama alivyoyaandika, yalikuwa mawili: atunge shairi la kweli lililo lake mwenyewe, na afe ghafla bila kumtaabisha mtu. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1940 washairi wa mjini walikutana Issoan kutunga. Mwenyeji alikuwa amelala katika chumba cha pili, akikoroma. Wageni walidhani amelewa, kama ilivyokuwa ada, wakaendelea na kikao chao kwa sauti ya chini, kisha wakaondoka. Alfajiri ya tarehe 11 alifariki, akiwa na umri wa miaka 57. Ulevi wake ulikuwa umezoeleka mno hata mauti yakafanana nao.

Hitimisho

Kwa miongo mitatu Santoka alijulikana na wachache. Katika miaka ya 1970, Wajapani waliochoshwa na kasi ya viwanda na ofisi walimgundua upya, na vitabu vyake vikasomwa kwa wingi. Leo mamia ya mawe yaliyochongwa haiku zake yamesimamishwa sehemu mbalimbali nchini, Gochuan na Issoan vimejengwa upya, na mwaka 2017 jumba la makumbusho yake lilifunguliwa mjini Hofu. Hata sake inayouzwa kwa jina lake ipo mkoani Yamaguchi, katika mkoa ule ule ambako mapipa yake yaliharibika.

Sake yenyewe imepitia mabadiliko. Unywaji wake nchini Japani umekuwa ukipungua tangu miaka ya 1970, ingawa mwezi Desemba 2024 shirika la UNESCO liliuingiza ujuzi wa kuipika kwa koji katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Kinachoenziwa katika orodha hiyo ni mikono ya watu wengi: mkulima, toji, wasaidizi wake, na jamii inayokipeleka kikombe madhabahuni, arusini na makaburini.

Maisha ya Santoka yanaonyesha bayana kuwa kinywaji kinaweza kuwa kitakatifu katika utamaduni na bado kikamwangamiza mwana wa utamaduni huo. Utakatifu wa sake haumo pipani. Umo katika mkono wa mtu mwingine unaomimina. Santoka aliujua mkono huo. Aliupata kwa Ryokuhei, kwa Oyama, na kwa wageni wa Gochuan. Aliukosa usiku mwingi zaidi, na usiku huo ndio uliomla. Kilichosalia baada yake ni mashairi mafupi ya mtu atembeaye akiwa macho, na mwanafunzi wa fasihi atamtendea haki akiyasoma mashairi hayo bila kukishukuru kikombe.